Ukuta Kabla ya Balbu

Assalaam aleikum, na nyote mliokuja, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili. Leo nalirudia, kwa sababu jana usiku nimetoka Mtwapa hadi Nyali macho nimeyakunja njia nzima. Taa kali ya gari si taa nzuri. Taa nzuri ni ile inayotazama chini.

Ngoja niwape kisa, hata waliokwisha kukisikia. Nilikuwa natoka Voi usiku kuja Mombasa, nimeshapita Samburu, Mariakani bado. Mbele likaja gari dogo la saluni, wala si lori, taa zake nyeupe kama za uwanja wa mpira. Nikampiga fulu, zile taa za mbali, mara moja kumkumbusha ashushe. Akanijibu kwa fulu yake. Ndipo nikajua kumbe zile za mwanzo zilikuwa dimu, taa za kushusha!

Nilikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo unakata mita 22 kila sekunde. Nilikaa kama sekunde tatu sioni kitu. Pigeni hesabu wenyewe: mita 66, gari linakwenda, dereva hana macho. Yaliporudi, kushoto kwangu, ukingoni mwa lami, pana kijana anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. Nilimpita kwa nafasi ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Nikasimama mbele, nikarudi kwa miguu, mwili unanitetemeka. Kijana akaniambia, "Mzee, hata mimi sikujua nilipo. Ile gari ilinimaliza macho." Taa moja imepofusha watu wawili kwa mpigo, na mwenyewe ameshakwenda zake, anadhani taa zake ni nzuri kwa kuwa yeye anaona mbali.

Simwiti mtu mbaya. Hajapima, basi. Taa ikiinuka digrii moja tu kupita usawa, mbele mita 50 mwanga umeshapanda karibu sentimita 87. Jumlisha na sentimita 70 ambazo taa yenyewe iko juu ya ardhi, unapata zaidi ya mita moja na nusu. Hapo ushapita macho ya dereva yeyote aliyekaa ndani ya gari dogo.

Najua kuna mtu atasema, "Fundi, gari langu limetoka Japani, limepimwa kule." Sawa. Japani nao huendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana dimu yake hupanda kidogo upande wa kushoto, imuonyeshe mwenda kwa miguu, na hukaa chini upande wa kulia ili isimchome anayekuja. Lakini tangu lishuke bandarini umelifanya nini? Umetia spesa, vipande vya kuliinua, kwenye springi za mbele lisigonge matuta. Bampa limegongwa, likanyooshwa, taa ikarudishwa kwa kukadiria. Halafu unapakia magunia ya viazi nyuma; buti likilala, pua inainuka. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, kimeandikwa namba kuanzia 0. Kazi yake ni hiyo. Ukipakia, panda namba, taa zishuke. Ukishusha mzigo, rudisha 0. Wangapi mmewahi kukigusa? Naona mikono mitatu, ukumbi mzima.

Sasa ukuta wa kupimia taa. Tafuta ardhi iliyo sawa kweli, na nyua zetu za Kisauni nyingi zimeinama bila ya wewe kujua; mwombe mwashi akuazime mpira wake wa maji, upime. Jaza upepo wa tairi sawasawa, toa mizigo, weka kigurudumu kwenye 0, mtu akae kiti cha dereva. Sogeza gari mpaka karibu na ukuta, utie alama ya chaki mkabala wa katikati ya kila balbu. Kisha rudi nyuma mita tano, moja kwa moja. Washa dimu. Ule mstari mwanga unapokatikia uwe sentimita tano chini ya alama zako. Ni sentimita moja kwa kila mita, hesabu rahisi. Pima taa moja moja, nyingine uichomoe plagi yake. Usiifunike kwa kitambaa ukaisahau, balbu ya halojeni ina moto na vioo vya siku hizi ni plastiki. Nyuma ya taa kuna skurubu mbili, moja ya juu na chini, moja ya kulia na kushoto. Bisibisi ya nyota, robo mzunguko, tazama ukuta, robo tena. Fulu usiihangaikie: ikiwa ndani ya taa moja na dimu, zinakwenda pamoja.

"Lakini bila balbu za LED sioni kabisa!" Hili linaniudhi. Balbu ya H4, ile ya halojeni inayobeba dimu na fulu pamoja, ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu pana kikombe kidogo cha chuma kinachouzuia mwanga usipande. Kiakisi kilicho nyuma ya balbu, kinachorudisha mwanga mbele, kimechongwa kwa uzi uliokaa mahali pale pale, kwa milimita. Ukitia LED ambayo vitaa vyake vimekaa pengine, mwanga unatapakaa kila upande, na wewe unaona mweupe ukadhani ndio kuona. Tena huoni kwa nini? Kwa chumvi ya bahari. Fungua waya wa ardhi unaoshika kwenye bodi, utakuta kutu. Volti zikipungua asilimia 10 tu, halojeni hupoteza kama asilimia 30 ya mwanga wake. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, paka grisi. Msasa na grisi ni bei gani? Watu huniletea gari niwawekee balbu mpya, nami nasafisha waya, nawarudishia ile ile ya zamani. Ukibadilisha, usishike kioo chake kwa vidole; ukishakishika kifute kwa spiriti.

Kioo cha taa kikigeuka manjano, sababu ni jua. Msasa wa maji namba 1000, 2000, 3000, kisha polishi, kisha vanishi ya kuzuia jua. Ukiiacha vanishi, umanjano utarudi upesi. Dawa ya meno ni ya juu juu.

Naonyeshwa saa. Maji yanayoingia ndani ya taa sitayafikia leo, aliye na shida hiyo anione pembeni. Ukuta wa nyuma ya ukumbi nimeupima mchana, mistari ya chaki iko tayari na bisibisi ninayo mfukoni. Mwenye ile Probox nyeupe iliyoegeshwa mlangoni, tafadhali, tuanze na wewe.