Karibuni nyumbani kwetu Katy, Texas

Hamjambo wapendwa! Wengi mmeniandikia, "Dada, madukani tumeshapaona, tuonyeshe unapoishi." Haya, leo mko nyumbani. Huku ni Katy, magharibi ya Houston, na jua linawaka kama la Dar mwezi wa pili, kwa hiyo za nje nitazisema harakaharaka.

Tazameni mbele: hakuna ukuta, geti wala mlinzi. Nyasi zangu zimeungana na za jirani. Mama alipoona kwenye simu aliuliza, "Sasa mwizi akija je?" Uzio upo nyuma tu, wa mbao.

Halafu matofali haya yasiwadanganye, ni urembo wa nje. Ngoja tuingie niwagongee ukuta. Mmesikia? Patupu! Ni fremu ya mbao imefunikwa jipsamu. Fundi wa Tabata akiona atacheka mpaka akae chini. Ukitaka kutundika televisheni, kwanza utafute nguzo ya mbao ilipo huko nyuma, la sivyo itakuja chini na kipande cha ukuta.

Vyumba ni vinne, na garaji ya magari mawili imejaa maboksi, magari yanalala nje. Tuendelee.

Wanaouliza bei, sikilizeni hapa. Mkopo wa benki utaisha, kodi haiishi. Jimbo la Texas halikati kodi ya mapato kwenye mshahara, basi inakufuata kwenye nyumba: kuna ya shule, ya kaunti, na mitaa mipya kama hii ina ya wilaya ya maji, iliyokopa ili itandaze mabomba na mitaro. Mitaa mingi ya huku ukijumlisha inapita asilimia 2 ya thamani ya nyumba, kila mwaka. Nyumba ya dola 350,000, weka kando dola 7,000 na ushee. Bado ada ya chama cha wenye nyumba! Hao ndio wanaotunza bwawa la kuogelea na viwanja vya watoto, sawa, lakini pipa la taka likibaki barabarani baada ya siku yake, unaletewa barua yenye picha ya pipa lako. Nyumba nalipa mimi, rangi ya mlango naomba ruhusa. Inaniudhi, sifichi.

Ninachokipenda ni basi la shule, lile la njano. Likisimama na kuwasha taa nyekundu mtaani hapa, magari ya pande zote mbili yanasimama mpaka watoto wavuke. Lakini genge la nyanya hakuna, daladala hakuna. Hata mkate ni gari. Na barabara kuu ya kwenda Houston, pamoja na zile za pembeni, kuna mahali inafika njia 26, na foleni ipo palepale.

Mkija kununua huku, msiangalie jiko kwanza, ulizeni maji. Agosti 2017, mvua za kimbunga Harvey zilijaza bwawa la kuzuia mafuriko la Barker, maji yakarudi hadi sebuleni mwa watu, na wengi hawakuwa na bima ya mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya serikali ya shirikisho, ukiikata leo, kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ikateni kabla redio haijaanza kutaja kimbunga.