Jinsi ya Kufukua Asili ya Neno: Serendipity

Haya, karibuni. Chukua karatasi, ulaze, na katikati andika neno hili la Kiingereza: serendipity. Soma "serendipiti". Maana yake ni kuokota dodo chini ya mwarobaini, yaani kukutana na jema ambalo hukuwa ukilitafuta.

Hatua ya kwanza, kata mkia. Weka mstari kabla ya -ity. Kazi ya mkia huo ni ile ya U- yetu kwenye "uzuri" na "ujinga". Kinachobaki ni Serendip, na hilo ni jina la mahali.

Sasa msake aliyeliandika kwanza. Maneno mengi hapa yanatuachia giza. Hili lina tarehe. Andika pembeni: 28 Januari 1754. Horace Walpole, Mwingereza, anamwandikia barua Horace Mann, mwakilishi wa nchi yao mjini Florence, na kumwambia neno hilo kalitunga mwenyewe. Kalitoa kwenye ngano ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, waliokuwa wakigundua mambo safarini bila kuyatafuta. Mmoja alijua kuwa nyumbu aliyetangulia njia ile (nyumbu yule wa punda na farasi, si wa Serengeti) ni chongo wa jicho la kulia, kwa kuwa nyasi zimeliwa upande wa kushoto tu, na upande huo ndio uliokuwa na nyasi mbaya. Umeona? Walpole alitaka bahati iende pamoja na akili. Siku hizi watu wamebakiza bahati peke yake.

Hatua ya tatu, ifuate Serendip. Vuta mshale hadi Sarandib, jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka. Mshale mwingine hadi Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi: Simhaladvipa, kisiwa cha Wasinhala. Dvipa ni kisiwa. Na ndani ya Simhala mna simha, maana yake simba.

Kalamu chini! Najua unachotaka kuandika. Kabla ya kuvuka bahari, waulize ndugu kwanza. Washona humwita simba shumba. Wazulu wana insimba, ila kwao ni kanu, yule mdogo mwenye madoa. Neno letu ni la Kibantu; kufanana na simha ni sadfa tu.

Basi chora mstari wa nukta kati ya simha na simba, halafu uupige mkasi.