Kufunga Vifaa vya Kupima Joto, Mvuke na Hewa ya Ukaa Juu ya Mtaa wa Kisumu

Ndugu watazamaji, karibuni Manyatta, Kisumu. Leo tunafunga vifaa vinavyopima joto, mvuke wa maji na hewa ya ukaa ambavyo mji na anga hupeana usiku na mchana. Mnara umekwisha kusimamishwa, nyaya zake zimekazwa na sola inafanya kazi, kwa hiyo hayo nayapita. Nitaeleza urefu tu: nyumba za hapa zina wastani wa mita 5 na mnara una mita 18, kwa sababu vifaa vikikaa chini ya mara mbili ya urefu wa nyumba, vitapima upepo uliovurugwa na paa la jirani mmoja badala ya kuupima mtaa mzima.

Hewa haipandi kutoka mjini kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo. Hupanda na kushuka kwa visulisuli vidogo visivyoonekana, na kisulisuli kinachopanda kikiwa na joto kuliko kinachoshuka, basi mtaa unatoa joto. Hali ni hiyo hiyo kwa mvuke na kwa hewa ya ukaa. Ili kuvinasa, tunasoma vipimo mara 10 kwa sekunde, yaani vipimo 18,000 kwa kila nusu saa.

Kifaa hiki chenye vidole vitatu juu na vitatu chini ni kipimaupepo cha mawimbi ya sauti. Sauti husafiri upesi ikisukumwa na upepo na hukawia ikipingana nao, na kutokana na tofauti hiyo tunapata kasi ya upepo wa kwenda mbele, wa kando na wa kupanda, pamoja na halijoto. Kielekeze kusini-magharibi, kwa kuwa alasiri upepo wa Ziwa Viktoria hutujia kutoka upande huo. Usiku upepo hugeuka na kutoka nchi kavu, ukipitia kwenye vyuma vya mnara kabla ya kutufikia. Vipimo vya saa hizo vitie alama.

Sasa tafadhali tazameni kwa makini. Weka kiputo cha pimamaji katikati, kisha kaza nati kidogo kidogo ukizunguka kutoka moja hadi nyingine. Usiimalize nati moja kabla ya kuzigusa zote. Narudia: usiimalize nati moja. Mwaka wangu wa kwanza niliimaliza, kichwa kikasogea bila mimi kujua, na wiki sita za vipimo zikapotea. Upepo wa mita 3 kwa sekunde ukipita kwenye kifaa kilichoinama nyuzi 2, kifaa kitaripoti upepo wa kupanda wa takriban sentimita 10 kwa sekunde ambao haupo kabisa. Mwinamo usiobadilika hurekebishwa baadaye kwa hesabu. Kichwa kinacholegea na kutikisika hakirekebishiki.

Ngoja, kamera isogee hapa. Mnaona kiputo? Kimehama tangu nianze kuzungumza. Nimelegeza zote nne, na ninaanza upya. Moja, mbili, tatu, nne. Robo mzunguko kila moja, kisha narudi kwenye kiputo. Mkiharakisha popote, msiharakishe hapa.

Kichanganuzi cha gesi hupitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na mvuke pamoja na hewa ya ukaa hufyonza sehemu yake; kwa sehemu iliyofyonzwa tunajua kiasi cha kila kimoja. Kifunge karibu na kipimaupepo, sentimita 10 hadi 20, na hiki kiinamishe kidogo ili matone ya mvua yateremke. Usubi wa ziwani ukija kwa mawingu yake huziba kioo, hivyo mimi hupanda na kitambaa laini na maji safi kila baada ya wimbi lake.

Kuna kipimio cha mionzi ya jua. Maelekezo mengi huandikwa kwa nchi za kaskazini na husema kifungwe upande wa kusini. Sisi tuko takriban kilomita 11 tu kusini mwa ikweta, na jua letu hukaa kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Mimi huuhamisha mkono unaokishikilia mwezi wa Machi na wa Septemba ili kivuli cha mnara kisikifikie, na huandika tarehe, kwa kuwa kifaa hiki hutazama chini pia, na kipande cha ardhi kinachotazamwa hubadilika.

Ninaipenda kazi hii kwa sababu ya siku baada ya mvua. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua takriban jouli (kipimo cha nishati) milioni 2.45, hivyo ardhi na miti vikiwa vimelowa, sehemu kubwa ya nguvu ya jua huenda kwenye mvuke. Mabati yakikauka, nguvu hiyo hupasha hewa. Hewa ya ukaa nayo huonyesha miti ya uani ikifyonza mchana, kisha majiko ya makaa na bodaboda zikijitokeza jioni.

Kiputo kiko katikati, nati zote zimekazwa, saa ya kifaa cha kuhifadhia data imelinganishwa. Ni saa tisa kasoro dakika mbili alasiri na upepo wa ziwa umefika. Nusu saa ya kwanza inaanza kuhesabiwa saa tisa kamili.