Chai baridi ya jua, twende hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Jua la Dar leo limewaka kweli kweli, sasa badala ya kulilalamikia tulipe kazi, tutengeneze chai ya rangi ya baridi, ile ya kunywa na barafu na ndimu.

Tunaanza na chupa, na hapa naomba msikilize vizuri. Chukua ya kioo, lita 2, mdomo mpana, na mfuniko unaobana. Yale majagi makubwa ya juisi yenye koki pembeni achana nayo, ndani ya koki uchafu unajificha na huwezi kusugua ukafika. Ioshe kwa sabuni, isuuze na maji ya uvuguvugu kwanza isije ikapasuka, ndo umimine maji yaliyotokota, izungushe, mwaga. Mbona usafi wote huu? Kwa sababu jua linapasha maji mpaka nyuzi 54 hivi, moto huo unatosha kutoa rangi na harufu ya majani lakini bakteria hauwaui, na hapa hakuna kuchemsha kokote kutakakokuja kukuokoa baadae.

Haya, jaza maji ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa. Weka vipakiti 6 vya majani ya chai, nyuzi zining'inie nje, funga. Majani yetu mengi, ya Mufindi, Rungwe, hata ya Kericho, ni yale yaliyosagwa punje ndogo ndogo, yanatoa rangi fasta kwa hiyo usiongeze vipakiti kwa wasiwasi. Sukari usiweke sasa hivi, ndimu pia bado, maana sukari kwenye maji ya vuguvugu ni kuwalisha hao bakteria tunaowakimbia.

Saa nne asubuhi itoe nje, iweke juu ya zege au bati, sehemu ambayo kivuli cha ukuta hakitaifuata. Angalieni hapa, sogeza kamera karibu kidogo, mnaona rangi inavyoshuka kutoka kwenye vipakiti, inateremka nyuzi nyuzi mpaka chini alafu inaanza kusambaa? Acha hivyo hivyo usitikise. Masaa matatu yanatosha, yakizidi sana manne, yaani saa nane mchana hata kama rangi haijakolea unavyotaka unaitoa tu.

Toa vipakiti bila kuvikamua maana ukikamua unaleta uchungu, na chupa iende kwenye friji muda huo huo, sio ikae mezani eti ipoe kwanza. Mkiiangalia kwenye mwanga mtaona ni angavu kabisa, wakati chai kali ya kuchemsha ukiipoza ghafla inaingia ukungu, hii haikutoa yale makali mengi kwa hiyo inabaki safi na laini mdomoni, mi ndo ninachoipendea.

Ya utamu tunafanya pembeni, kikombe cha sukari, kikombe cha maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa, chemsha mpaka sukari iyeyuke, poza. Glasi yako weka barafu, mimina chai, kijiko kimoja au viwili vya hiyo sukari, kamua ndimu, jani la nanaa kama lipo. Kunywa!

Inywewe siku hiyo hiyo. Ukikuta imekuwa nzito, au kuna utelezi unavutika kama mlenda, mwaga yote, usionje.

Kipindi cha masika jua likikataa, chupa hiyo hiyo na vipakiti hivyo hivyo weka kwenye friji usiku kucha, asubuhi unatoa vipakiti, ladha inakaribiana sana na hata usalama ni mzuri zaidi kwa sababu muda wote ilikuwa kwenye baridi. Ila kama nyumbani kuna mjamzito, mgonjwa au mtoto mdogo mpikieni ya kuchemka kabisa, ichemke dakika kadhaa, ipoozeni haraka kwa kuiweka sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi, ndo iingie friji.