Tati ya stafeli kwenye joto la Mombasa

Asalaam aleykum. Hamjambo mamangu na dada zangu, na nyinyi mabarobaro watatu mlojificha huko nyuma nawaona, karibuni, oveni haiulizi mwanamke wala mwanamume. Nimeambiwa nina nusu saa na feni moja, kwa hivyo mkiona nimeshikilia maneno nikatizeni.

Haya. Hii ilofunikwa hapa mezani ni tati ya stafeli, yaani ganda la unga lilookwa likajazwa stafeli ndani. Mimi nlianza kuoka kwa kuangalia video za watu wa Uingereza, wakifika kwa tunda kama hili utasikia oh tunda la kigeni, tunda la ajabu, na wanalinunua kwa bei ya kuku mzima, na mimi hapo nasikia puu! lishaanguka juu ya mabati ya jirani. Asili yake si hapa, ni huko Amerika kwenye joto, lakini lishakuwa mwenyeji zamani. Ndugu yake ni topetope. Ukienda kwa Wahindi wetu ukataja sitafali, wao wakuletea hilo topetope, usikasirike.

Lakini sikuja kuwafundisha tunda, tunda mwalijua. Nlokuja kusema ni hivi: tati hapa mjini haiharibiwi na tunda, yaharibiwa na ganda la chini, na ganda laharibiwa na joto. Resipi nyingi zimeandikwa na watu ambao jikoni kwao ni baridi. Ati "acha siagi ifike joto la chumba". Chumba gani? Jikoni kwangu mwezi wa pili ni digrii 32, na siagi yaanza kuyeyuka hapo hapo kwenye 32, 35, sasa ukiiacha ifike joto la chumba si utaichota kwa kijiko! (Kicheko.)

Na siagi ikiyeyuka kabla ya wakati wake kuna nini? Kuna kwamba ganda lataka vipande vidogo vya siagi vikae baridi ndani ya unga mpaka viingie ovenini, viyeyukie humo, viache nafasi, ndio linakuwa lile la kumung'unyika. Ikiyeyuka mkononi mwako unga waifyonza yote, ukioka ganda lateremka kwenye kuta za treya, latoka gumu kama kigae. Kwa hivyo mimi naoka alfajiri, nikishaswali tu, kabla jua halijapanda. Unga gramu 250 nishauweka friza tangu usiku, siagi gramu 125 imeganda kama jiwe naipitisha kwenye greta, sukari laini gramu 70, chumvi kidogo, kiini cha yai kimoja, na maji ya barafu kijiko kimoja, viwili vikizidi. Basi. Stima ikipotea usiku, nawahi kununua barafu dukani, naweka bakuli juu ya bakuli.

Kuna mtu ataniuliza samli. Samli ni tamu wallahi, lakini siagi ina maji ndani yake kidogo na samli haina, ganda lake latoka kama nankatai, zuri la kula na chai, ila ukilikata kipande lavunjika lote na stafeli lakumwagikia nguoni.

Na mikono yetu hii, sikizeni, mikono yetu ni ya chapati. Tumefunzwa tukande mpaka unga uvutike. Kwa tati ni makosa, ule mvuto ndio gluteni, na gluteni ndio inafanya ganda linywee. Kusanya tu ushikane, ufunge kwa plastiki, friji saa nzima, halafu sukuma kwa ule mti wako wa chapati haraka haraka na urudishe tena friji ukiwa kwenye treya. Mwanzo nlikuwa naona huu ni uvivu, bibi yangu angeniona angeninyang'anya unga.

Oka ganda peke yake kwanza, digrii 180, juu yake karatasi ya kuokea na maharagwe makavu yalizuie lisivimbe, dakika 15, toa maharagwe, rudisha kama dakika 10 lipate rangi. Maharagwe hayo usipike tena, yaweke kwa mkebe wa kazi hiyo. Nimeona nyumba moja yamepikwa na nazi. (Kicheko.)

Sasa stafeli. Nunua Marikiti likiwa gumu, liache nyumbani siku mbili tatu, likibonyea kidogo kwa kidole ndio tayari, ukichelewa siku moja lachacha. Mbegu toa ZOTE kwa mkono, halafu chuja kwa chekeche. Kazi ya kuchosha, najua. Tati yangu ya kwanza ya kuuza nliona uvivu nikatia blenda na mbegu zake, ikatoka chungu, na uchungu ndio ulikuwa afadhali maana mbegu zile zina sumu, si za kuliwa. Nlimrudishia mteja pesa zake na nikalia. Na msiniulize habari za kansa, hilo halijathibitishwa, na kwa tati hii hakuna dawa, kuna sukari.

Nyama ya stafeli gramu 300, maziwa mazito ya mkebe, yale matamu, mkebe mmoja, viini vitatu, na ndimu tatu. Ndimu ndio siri. Huko Florida, Marekani, wana tati yao maarufu ya key lime, na hiyo laimu ni hii hii ndimu yetu ya samaki: ukali wake ndio wayafanya yale maziwa kuwa mazito. Stafeli peke yake ukali wake hautoshi, itakuwa uji. Mimina kwenye ganda, digrii 160, dakika 20 hivi, katikati ibaki yatetemeka kidogo ukiitikisa, usingoje ikaze maana ukiipoza itakaza yenyewe. Friji saa nne.

Eeh, mama? Jiko la makaa? Yawezekana, si mwapika mkate wa sinia moto juu na chini? Ganda litoke vizuri, makaa mengi yawe juu, chini machache. Ukishamimina punguza makaa ya juu yabaki matatu manne, na usiondoke kwenda kupiga soga, hapo hamna digrii, kuna macho yako tu.

Haya nipe kisu, na kitambaa chenye maji ya moto nipanguse kila nikikata. Mabarobaro, njooni mbele na sahani.