Msilibomoe tembe la babu

Habari za nyumbani ndugu zangu. Wazee wote shikamooni. Mama, najua unaangalia kwa simu ya dada, shikamoo mama yangu. Hapa Berlin ni saa mbili usiku, ndiyo kwanza natoka karakana, vumbi la mbao bado limejaa kichwani, ila hili la tembe la babu, nyumba yetu ya udongo, nimeshindwa kulilalia.

Kuna msanifu majengo anaitwa Francis Kéré. Kazaliwa 1965 kijijini Gando, Burkina Faso, baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji. Gando hapakuwa na shule, hivyo akiwa na miaka 7 akaachana na mama yake akaenda mjini kusoma. Darasani walibanana zaidi ya watoto 100, na joto lile mnalijua. Mwaka 1985 akapata ufadhili wa kuja Ujerumani kujifunza useremala. Useremala, ndugu zangu, kazi hii hii inayoniweka mimi mjini! Usanifu akaja kuusomea baadaye, chuo kikuu hapa hapa Berlin.

Sasa kinachonigusa ni hiki: hakungoja kumaliza. Mwaka 1998, angali mwanafunzi, akaanza kuchangisha fedha, na 2001 Gando wakawa na shule ya msingi. Shahada kaipata 2004, na mwaka huo huo shule ile ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu.

Na aliijenga kwa udongo. Wanakijiji waliguna! Mtu katoka Ulaya, walitegemea alete zege na vioo, halafu anawarudisha kwenye udongo ambao masika zikipiga unaporomoka? Ikabidi awaeleweshe polepole. Udongo wakauchanganya na saruji kidogo, wakafyatua matofali wenyewe. Bati hakulilaza juu ya kuta. Alilinyanyua juu kabisa kwa nondo za kawaida zilizochomelewa, na chini yake akaweka dari ya matofali yenye matundu. Hewa ya moto inapanda na kutoka, upepo unapita katikati, na bati lililotokeza nje linakinga kuta na mvua. Watoto walisomba mawe ya msingi. Sakafu ya udongo vijana na akina mama waliitwanga masaa kwa masaa, kisha ikasuguliwa kwa mawe mpaka ikawa laini.

Mimi nimesoma Dodoma, chini ya bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya kuta. Saa saba mchana daftari linanata mkononi. Mvua ikinyesha mwalimu anaweka chaki chini, anakaa, tunasubiri ipite. Nilidhani shule ndivyo zilivyo.

Mwaka 2022 Kéré akapata Tuzo ya Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ndugu zetu Wakenya anao mkono wake kwao pia: chuo cha Startup Lions kule Turkana, kilichokamilika 2021, kina minara ya kutolea joto aliyoiga kwenye vichuguu vya mchwa. Jifunzeni kwa mchwa, jamani!

Kaka, wewe nasema nawe mbele ya watu wote. Nimesikia unataka kuliangusha tembe la babu upandishe tofali za saruji na bati. Naomba unisubiri hadi Desemba. Nije nipime zile kuta, nione nguzo gani zimeliwa na mchwa na zipi bado nzima, na mama anionyeshe bibi alikuwa akichota wapi udongo wa kukandika.