Kisiki Kisichogongwa Nyundo

Waheshimiwa madiwani, ndugu zangu, walionisikia siku nyingine wanajua nitaanzia wapi. Naanzia kwenye kisiki, kwa sababu ndipo usimamizi wetu wa misitu usipoanzia.

Sheria ya Misitu ya 2002 mnayo kwenye makabati, sitaisoma. Nataka tuzungumzie nyundo. Ni nyundo ya chuma yenye alama iliyochomoza kichwani. Mti ukiangushwa kwa kibali, bwana misitu anapaswa kwenda huko huko porini, apime gogo, kisha agonge alama kwenye gogo na kwenye kisiki. Gogo likiwa na alama na kisiki hakina, kuna mtu hakufika porini. Kazi hiyo inataka mtu, buti, na pikipiki yenye mafuta. Basi.

Nilipokuwa kijana kazini, katika wilaya ambayo sitaitaja, nyundo ilikuwa inakaa kwenye droo, imefungiwa. Pikipiki ilikuwa moja, na haikuwa imeona mafuta tangu robo ya mwaka ianze. Kwa hiyo hatukwenda porini. Tulikaa kwenye kizuizi cha barabarani, tukisubiri msitu uje wenyewe. Usiku mmoja, kama saa nane, likaja lori la magogo ya mninga, halina hati ya kusafirishia. Wakubwa wakasogea pembeni na mwenye mzigo, wakazungumza. Kosa likafifilishwa, yaani likamalizwa kwa faini bila kwenda mahakamani, faini ikakatiwa stakabadhi, nami nikaambiwa nishike tochi. Nyundo ikaletwa, magogo yakagongwa moja baada ya jingine juu ya lori. Mnaoujua mninga mnajua utomvu wake, mwekundu kama damu. Magogo yalikuwa mabichi, ukanichafua mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, na doa lile halikutoka tena. Kulipokucha, mzigo ulikuwa halali. Visiki vyake hakuna aliyekwenda kuvitazama. Mwezi ule ofisi yetu ilipongezwa kwa kuvuka lengo la maduhuli, yaani mapato ya serikali.

Hapo kwenye pongezi ndipo hasira yangu ilipo. Yule aliyegonga nyundo hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Ofisi ilikuwa inapimwa kwa fedha, na fedha zilikuwa zinapita barabarani. Mtumishi ukimpima kwa maduhuli, mwezi ambao lori halikupita ni mwezi mbaya kwake, hata kama msitu umepona.

Mtasema huo ni mkasa wa wilaya moja, tena wa zamani. Haya, twendeni Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na misitu ya kusini ikawa karibu na bandari. Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, wakatoa ripoti yao: katika ngazi ya wilaya, hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Asilimia 96! Kumbukumbu za China zilionyesha imepokea kutoka kwetu mazao ya mbao mara kumi ya yale tuliyoandika sisi kuwa tumeyauza. Bidhaa ambayo mwenyewe ameiacha karibu bure, nani ataacha kuichukua? Na fedha hizo ndizo zingenunua mafuta ya ile pikipiki.

Kuna wanaonijibu kila mara kwamba misitu inamalizwa na maskini na mkaa wake. Hoja hii imenichosha. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria biashara ya mkaa nchini kuwa ya dola milioni 650 kwa mwaka, na kodi inayopotea humo kuwa kama dola milioni 100. Biashara ya ukubwa huo inataka mpango, nasi tuliwahi kuipelekea marufuku: Januari 2006 mkaa ukapigwa marufuku, bei ikapanda, na wiki chache baadaye serikali ikarudi nyuma. Mama anayepika chakula cha watoto hakupewa nishati nyingine, na mchoma mkaa hakupewa eneo la kuvuna kwa zamu. Mnataka wafanye nini?

Wengine watasema ni kilimo. Ndiyo. Takwimu za serikali zenyewe zinataja upotevu wa hekta 469,000 hivi kwa mwaka kati ya 2002 na 2013, na sehemu kubwa imegeuka mashamba. Lakini tazameni ni msitu gani unaofyekwa zaidi: ule ulio nje ya hifadhi, usio na mwenyewe wa kuulinda. Sheria ile ile ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kuchukua mapato. Kilosa vijiji vilivyouza mkaa kwa mpango wa mavuno vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha hiyo, na vinalinda msitu kwa sababu ni wao. Vijiji vya Kilwa na mpingo wao vilistahili nusu saa nzima, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi niishie kwenye lenu. Halmashauri zenu zinapata ushuru wa mazao haya, na mwezi ujao mtaletewa bajeti. Mtasomewa maduhuli ya misitu, na mtaombwa mpige makofi. Kabla ya makofi ulizeni visiki vingapi vimegongwa nyundo mwaka huu, porini, na nani alikwenda. Kisha tafuteni kwenye makabrasha hayo fungu la mafuta ya doria, mtazame limeandikwa shilingi ngapi.